Babula Yenye Mlango wa Kusukuma

Siku nilipompokea Mianda nyumbani kwangu, nilimshika kidole nikakiweka kwenye kitufe cha resho, jiko letu la umeme, tukabonyeza pamoja. Hivyo ndivyo nilivyompa moto.

Sisi ni watu wa Kabongo, Katanga. Kwetu mama mukwe anachota makaa katika jiko lake, anayaweka kwenye mafiga ya mke wa mwanawe, na kuanzia siku ile ule moto ni wa yule mke. Mtu mwingine anaweza kuuchochea na kuuongezea makala, yaani mkaa, lakini kuuzima ni yeye peke yake. Akifa au akitoka katika ndoa, moto wake unazimwa, majivu yanamwagwa njia panda, na hapo ndipo mwanamke mwingine anaruhusiwa kupika pale. Tena mtoto ambaye hajamaliza mvua mbili anakula cha moto wa mama yake tu. Ndivyo nilivyofundishwa, na masista walionisomesha hadi darasa la tano hawakuniondolea hayo.

Lakini wakati ule hapa Musonoi, mtaa wa wachimba shaba wa Kolwezi, nyumba zote za kampuni zilikuwa na umeme. Mafiga tungeyaweka wapi, sebuleni? Basi nikampa kitufe. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja aliuliza, "Mama Adolphine, na ampule ya taa pia umemupatia ao unabakia nayo?"

Mianda naye alicheka. Alikuwa msichana mwembamba, na vidole vyake vilikuwa virefu kama vya mtu anayepiga kinanda. Baba yake, Tata Muamba, alikuwa mkubwa wa karakana ya mabati ya kampuni, na mwanangu Kalombo alikuwa anafanya kazi chini yake. Watu wa Kasai, ndiyo. Lakini Tata Muamba alizaliwa Kolwezi. Baba yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Kasai yenyewe Tata Muamba alikuwa hajaiona hata siku moja. Mkewe, Mama Kanku, ndiye aliyezaliwa huko, na alikuja hapa akiwa binti, akijua kufinyanga vyungu.

Kisha kazi ya migodi ikaanza kuanguka. Mishahara ilichelewa, halafu ikawa inakuja nusu, halafu ikawa haiji. Umeme ulikatika siku moja, ukarudi, ukakatika tena, na mwishowe resho yangu ikawa kiti cha kuwekea ndoo ya unga. Cité nzima ya wafanyakazi ikarudi kwenye makala. Tukawa tunapika juu ya babula, lile jiko la bati lililotobolewa matundu kwa msumari, na kila nyumba ilikuwa na lake. Miti ilikuwa imekwisha karibu na mji, na wauza makala walikuwa wanatoka mbali na baiskeli zao wakizisukuma, magunia yamewazidi kimo. Bei ilipanda kila juma.

Asubuhi moja Mianda alikuwa amechuchumaa mbele ya babula yangu, sufuria ya maharagi juu yake. Akanyoosha kiganja chake pembeni, akakisogeza huku na huku kama mtu anayetafuta mahali nguo inapochanika.

"Mama," akasema, "tunapikia upepo."

"Upepo gani, mwanangu?"

"Weka mukono hapa. Unasikia? Moto yote inatoka ku mbavu. Kwa sufuria inafika kidogo tu."

Mianda alikuwa amejifunza kushona, na mtu wa kushona hawezi kuona kitu bila kukipima. Alileta utepe wake, akapima sufuria yangu, kiuno chake na kitako chake, akaenda kwa baba yake. Tata Muamba alimkatia pipa la mafuta. Kisha wakaanza kuhangaika na ngozi ya ndani, ile ya kuzuia joto lisitoke. Kwanza waliweka saruji. Ilipasuka siku ya kwanza, kipande kikaruka mpaka kwenye unga wangu. Halafu Mama Kanku akasema saruji ni ya kujengea, kwa moto ni udongo. Akaleta udongo wa kichuguu, akaupaka wenyewe bila kuchanganya kitu. Ulipokauka ulisinyaa, ukaachana na bati, ukawa unacheza ndani kama jino la mtoto.

Mara ya tatu tulikaa wote uani kwangu. Udongo wa kichuguu tuliutwanga katika kinu cha kutwangia sombe, majani ya muhogo, tukachanganya na vumbi la mbao kutoka kwa seremala na majivu kidogo yaliyochekechwa. Mama Kanku alikuwa anaonja ule udongo kwa ulimi, anatema, anasema bado. Vumbi la mbao linaungua siku ya kwanza na kuacha vitundu vidogo vidogo, na hivyo vitundu ndivyo vinavyoshika joto. Tuliukandika, tukaufunika na gunia la maji, tukaiweka babula chini ya kitanda changu ili ikauke polepole, maana jua lingeipasua. Na moto wake wa kwanza uwe wa magunzi ya mahindi tu, mdogo, wa kuifundisha.

Nafasi kati ya sufuria na udongo, Mianda alisema iwe kidole chake cha mwisho. Ikiwa pana zaidi joto linakimbia, ikiwa nyembamba moto unakosa pumzi.

Tuligombana kwa mlango tu. Tata Muamba alitaka mlango wa bawaba, kama wa nyumba.

"Bawaba inaacha kitundu, tata," Mianda akasema. "Na upepo inaisukuma inavyotaka. Mi nataka mulango wa kusukuma, uingie mu mufereji, ukae pale nimeuweka."

"Unajua kazi ya mufereji? Ni ya kukunja mara mbili."

"Kunja mara mbili basi. Uko na haraka ya kuenda wapi?"

Alimkunjia mara mbili, kwa bati la kopo la maziwa. Mlango ulisukumwa wazi wote kwa kuchemsha maji, nusu kwa maharagi, na ulipofungwa wote, moto ulilala. Ulilala tu, haukuzima. Ukifunika makaa na majivu yake na kusukuma mlango hadi mwisho, asubuhi unafukua, unapuliza, makaa yanafungua macho. Kiberiti kilikuwa kimeadimika siku zile.

Tulijaribu babula mbili pamoja, yangu ya zamani na ile mpya, maharagi ya gunia moja, kikombe kimoja kimoja. Nilikaa katikati na mwiko. Babula yangu iliomba makala tena na tena. Ile ya Mianda maharagi yaliiva, nikaitoa sufuria, na chini bado makaa yalikuwa yamekaa kimya, mekundu, kama watu waliokula na bado wana mazungumzo. Bati la nje nililigusa kwa mkono mtupu. Lilikuwa vuguvugu kama kifua cha mtu.

Basi nikachota makaa katika babula yangu na kijiko kikubwa, nikayatia katika babula yake. Mara ya pili nikampa moto. Safari hii hakuna aliyecheka.

Wanawake walianza kuja. Kila mmoja alitakiwa aje na sufuria yake, ipimwe. Mmoja alikuja mikono mitupu, Mianda akamwambia, "Mama, nikushonee kiatu bila muguu?" Uani kwa Tata Muamba kulikuwa na sufuria zimepangwa mstari, kubwa na ndogo, za watu wa Kasai na za watu wa Katanga, na hakuna aliyekuwa anatazama ni ya nani ila kwa kipimo.

Hapo ndipo mtoto wa Mianda na Kalombo alipozaliwa. Tulimwita Kabamba, jina la marehemu mume wangu. Alipoanza kula, uji wake ulipikwa katika babula ile. Alizoea kuchuchumaa mbele yake na kusukuma ule mlango mdogo, wazi, funga, wazi, funga, mpaka mama yake anamwondoa.

Sijui nieleze vipi mambo yaliyofuata kwa mtu ambaye hakuwepo. Wakubwa walisimama kwenye viwanja wakasema Katanga ni ya wenyewe. Vijana wakaanza kuimba barabarani. Waliwaita watu wa Kasai bilulu, maana yake wadudu, na dudu linafagiwa. Yule mwanamke wa nyumba ya kona, ambaye babula yake ilikuwa ya pili kutengenezwa, aliulizwa na vijana kwa nini anapika juu ya kitu cha Mukasai. Akawajibu, "Babula ni yake, maharagi ni yangu. Mupite." Lakini kuanzia siku ile alikuwa anapikia ndani.

Asubuhi vijana walipofika kwa Tata Muamba kuwafukuza, Mianda alikuwa anakoroga uji. Alisikia kelele za mtaa wa pili. Alisukuma mlango wa babula nusu, akaniwekea Kabamba mapajani.

"Naenda kusaidia mama kubeba bitu. Nitarudia mbele ya uji ya mangaribi."

Hakurudi. Aliwasindikiza wazazi wake hadi gare, kituo cha treni, na nyuma yake vijana wakafunga njia ya cité. Mwenye jina la Kasai akitoka haingii.

Jumapili ile shemeji yangu Tharcisse alikuja. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, na baada ya kifo chake yeye ndiye aliyesema kwa ajili ya ukoo. Hakuwa mtu mbaya. Alikaa kwenye kiti cha kaka yake, kofia gotini.

"Muke wa Kalombo akae na baba yake," alisema. "Ni mubaya, najua. Lakini akirudi hapa batachoma nyumba. Na pale ku atelier ya mabati banatafuta mutu wa kukamata nafasi ya muzee Muamba. Banauliza kama Kalombo eko na muke Mukasai ao hapana. Wanawake beko. Kuna Huguette, mutoto wa rafiki yangu wa Mutoshi, eko mupole."

"Na mutoto?" nikauliza.

"Mutoto ni kaka yangu. Ni jina yake. Hatoki hapa." Halafu akaonyesha kidole uani. "Na we unajua desturi kunipita. Mutoto mudogo anafuata moto ya mama yake. Moto iko wapi? Iko hapa. Basi na mutoto eko hapa."

Nilimtazama Kalombo. Alikuwa anatazama miguu yake. Mwanangu ni mtu wa mikono, maneno hayamji. Nilingoja. Mimi najua kungoja. Kesho yake alikwenda karakana akakamata nafasi ya baba mukwe wake.

Basi nilikuwa na kazi moja. Moto wa Mianda usizime. Ungezima, majivu yangekwenda njia panda, Huguette angeingia, na Mianda hangekuwa tena na mahali pa kurudi. Ungewaka, bado alikuwa mke wa nyumba hii, hata akiwa amelala chini ya hema la gare. Makala niliyahesabu kama dawa. Kipande kimoja kikubwa katikati, vidogo pembeni, majivu juu, mlango nisukume. Alfajiri nafukua. Kama babula ingekuwa ya zamani, ile ya matundu, nisingeweza. Nisingepata makala ya kuulisha moto siku zote zile.

Huguette alikuja mwenyewe siku moja mchana, na kikapu cha matembele mkononi. Alikuwa msichana wa heshima. Alisalimu, akakaa kidogo, akaona babula inatoa joto bila sufuria juu yake.

"Mama, hii moto ni ya nani?"

"Ya mwenyewe. Alitoka kidogo."

Akainama akaitazama muda mrefu. "Bon," akasema. "Mi sikujua kama inawaka bado. Balinieleza ilizima." Aliacha yale matembele mlangoni, akaondoka.

Kila nilipoweza nilikwenda gare na bukari, ugali wetu, katika kitambaa. Kabamba sikumchukua. Tharcisse alikuwa ameagiza majirani wamtazame. Pale gare watu walikuwa wamejaa toka reli hadi barabara, chini ya maplastiki na mashuka, na vitanda vilivyosimamishwa ubavu viwe ukuta. Mtu mmoja alikuwa amebeba mlango wa nyumba yake na fremu yake. Wanangoja treni, na treni haiji. Watoto walikuwa wanakohoa. Kila asubuhi kulikuwa na kundi limesimama kimya mahali fulani, na huko hatukuangalia.

Tata Muamba alikuwa amekonda, lakini alinipokea kama sebuleni kwake. "Ba-mukwe, karibu. Miaka yote ile nilikuwa naomba congé ya kupumzika, banakatala. Sasa bananipatia, na treni juu yake."

Mama Kanku hakucheka. Mianda alinishika mikono yote miwili.

"Kabamba anakula?"

"Anakula."

"Mu moto ya nani?"

"Mu yako. Haijazima hata siku moja."

Alifumba macho. Kisha akauliza, "Na Kalombo?"

"Eko ku kazi."

"Kazi gani, mama? Atelier haina mukubwa."

Ningeweza kusema uongo. Lakini gare yote ingemweleza kabla ya jioni. "Ndiye yeye mukubwa sasa," nikasema.

Mianda aliachia mikono yangu. Tata Muamba alikuwa anafunga kamba ya furushi, akaifungua, akaifunga tena. Kisha akasema polepole, "Umwambie ile mashini ya kukunja bati, mukono yake ya kuume inateleza. Mi naizoea. Yeye itamukata kidole. Aweke kabari mbele ya kuanza."

Nilifikisha ujumbe ule. Kalombo aliusikiliza akiwa amesimama, kijiko mkononi. Hakumaliza kula.

Kabamba alianza kukonda. Uji alikuwa anakula, lakini kwa kumsukuma, na baada ya kula anakwenda mbele ya babula, anafungua mlango, anachungulia ndani, anafunga. Nikaelewa anamtafuta mama yake mle ndani, maana mahali pale ndipo alipozoea kumwona.

Halafu siku moja Kalombo alirudi mchana, mapema.

"Treni iko njiani, mama. Kesho asubuhi inabeba batu ba hapa Kolwezi."

"Enda umuchukue muke wako."

"Batatuua."

"Basi enda naye."

Alikaa kwenye kizingiti. "Kule nitakuwa nani, mama? Kule ndio mi nitakuwa kilulu." Alijifuta uso na mkono wenye mafuta, ukabaki mstari mweusi. Ni mwanangu.

Asubuhi nilimfunga Kabamba mgongoni. Nilifukua makaa, nikaongeza makala, nikafunika babula na kifuniko cha sufuria, mlango nikausukuma mpaka ukabaki upana wa kucha. Nikaiweka ndani ya beseni lenye mchanga. Kalombo alikuwa amesimama mlangoni anatazama. Nilidhani atanizuia. Alichukua kitenge, akakisokota, akanifanyia ngata, akaiweka kichwani kwangu kwa uangalifu, kisha akainua beseni akanitwika. Aligusa kisigino cha mtoto. Akaingia ndani.

Tharcisse alikuwa amekaa barazani kwake, nyumba tatu kutoka kwetu. Alisimama.

"Mama Adolphine. Unapeleka wapi ile?"

"Napeleka moto kwa mwenyewe."

"Moto ya nyumba haitembei."

"Ya mafiga haitembei, shemeji. Hii inatembea. Weka mukono uone kama inawaka."

Aliweka. Alikaa na mkono wake juu ya bati muda, na nikaona anatafuta neno na halipo, kwa sababu neno lile alikuwa ameshalitumia yeye. Mtoto mdogo anafuata moto wa mama yake. Mwishowe alikuja nyuma yangu, akaweka kiganja juu ya kichwa cha Kabamba.

"Jina ya kaka yangu inaenda," akasema. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Batamuita vizuri kule?"

"Mama yake anajua kuliita."

Akanipisha. Kwenye kona yule mwanamke wa maharagi alitoka na makala katika kiganja. Alininyooshea mkono juu, akainua kifuniko, akayatia moja moja. "Njia ni murefu," akasema, akarudi ndani upesi. Vijana wa kizuizi waliniona ni mama mzee wa Katanga, mtoto mgongoni, beseni kichwani. Mmoja aliuliza ninauza nini. "Joto," nikamwambia. Wakacheka, wakaniacha.

Kutoka Musonoi hadi gare ni mwendo wa kuchosha hata bila mzigo. Niliomba mvua isinyeshe, haikunyesha. Shingo ilikuwa inawaka kwa uzito, lakini babula haikuniunguza, udongo wa Mama Kanku ulishika kila kitu ndani.

Treni ilikuwa imekwisha kuingia. Mabehewa ya kubebea shaba, hayana viti, hayana madirisha. Watu walikuwa wanapanda juu ya watu. Nilimwona kwanza Tata Muamba, amesimama kwenye mlango wa behewa anavuta godoro, halafu Mianda chini anasukuma. Kabamba alimwona kabla sijamwita. Hakulia. Alianza kupiga mgongo wangu na mikono miwili kama mtu anayegonga mlango.

Mianda alimchukua. Alimnusa shingoni, nyuma ya masikio, kwenye viganja. Kisha akaona beseni, akainua kifuniko, akaona makaa.

"Mama," akasema. "Uliileta njia yote hii?"

"Ni yako. Mutoto anafuata moto. Sasa hakuna mutu wa kukuuliza kitu."

Nilikuwa nimefikiri yote mpaka hapo. Atapanda na mtoto, atapanda na moto, atafika kule na moto aliopewa katika nyumba yangu, na popote atakapopikia atakuwa mke wa Kalombo. Siku mambo yakitulia, atarudi nao. Hilo ndilo nililokuwa nimebeba kichwani.

Mlinzi wa treni alitukuta, Tata Muamba anainama kuipokea babula. "Hapana. Hapana moto mu wagon. Mule kuna magodoro, kuna petroli ya watu. Zima."

"Ikifungwa mulango inalala, tata," Mianda akamwambia. "Haitoi hata cheche. Angalia."

"Kulala si kuzima. Mi nataka nione maji."

"Ukiacha imefungwa kabisa na udongo juu, itazima yenyewe mangaribi," Mianda akasema.

"Mangaribi muko Tenke. Zima sasa ao ushuke na mutoto yako." Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa mtu amechoka, nyuma yake watu wengine wanasukumana. Treni ikapiga honi.

Mianda alinigeukia. Kikombe cha maji ya Kabamba kilikuwa mkononi kwake tayari.

"Mama, nizime?"

Alijua anauliza nini. Nami nilijua. Nilitazama mlangoni mwa gare, nadhani nilikuwa natafuta kama Kalombo atakuja akikimbia na furushi. Kulikuwa na watu wengi, hakuna aliyekuwa yeye.

"Ni yako," nikasema. "Mi siwezi kukushika mukono."

Alimwaga. Babula ilipiga mlio mmoja, mkavu, kama mfupa. Mvuke ulipanda ukamfunika uso. Ulipotawanyika nikaona udongo umepasuka kutoka juu hadi chini, na ufa umepita katika mfereji wa mlango. Wote tulijua kwamba udongo wa moto haumwagiwi maji. Sisi ndio tuliokuwa tunawaambia wengine.

Mama Kanku, juu behewani, alisema tu, "Iache, Mianda. Imekufa. Panda."

Mianda alijaribu mlango kwa kidole. Ulikwama katikati. Akausukuma tena, akaacha. Aliniinamia akaweka paji lake la uso kwenye langu, na lilikuwa limelowa mvuke. Kisha akampitisha Kabamba juu kwa baba yake, akapanda. Niliona vidole vyake virefu vimeshika ukingo wa behewa. Viliendelea kuonekana muda mrefu kuliko uso wake.

Nilirudi na babula kichwani. Ilikuwa bado na joto, na maji machafu yalikuwa yanadondoka kwenye mchanga wa beseni. Kalombo alikuwa kwenye kizingiti kilekile. Alinitua mzigo, akaweka mikono yake miwili kwenye bati.

"Bado kuna joto," akasema.

"Ndiyo."

Alikaa nayo hivyo mpaka ikapoa.

Yale majivu sikuyapeleka njia panda. Tharcisse alikuja kuyauliza mara moja, kwa aibu, nikamwambia yamelowa, nangoja yakauke. Hakuuliza tena. Huguette aliolewa Fungurume. Karakana yenyewe ilifungwa kabla ya mvua kurudi mara nyingine, ikabaki kuta, na mashine ya kukunja bati iliuzwa kama chuma chakavu. Kalombo alikwenda kuchimba shaba Mutoshi na wengine. Vidole vyake vyote anavyo.

Babula ninayo hadi leo. Niliukandika ule ufa mara nyingi, unafunguka tena palepale. Napikia juu yake. Inakula makala kama zile za zamani, na wajukuu wanaozaliwa na binti zangu wananiambia, "Nkambo, tutakununulia mupya." Nawaambia bado.

Mtu akifika kutoka Kasai, kutoka Mwene-Ditu au mbele zaidi, namwendea. Simtaji Mianda kwa jina, maana Mianda ni wengi huko. Namuuliza kama ameona babula za udongo zenye mlango mdogo. Wengi wanasema hapana. Mwaka juzi muuza vitambaa mmoja alisema ndiyo, ameziona sokoni, mwanamke anaziuza, na kijana mrefu anamsaidia kubeba. Nilimkalisha, nikamwekea chai, nikaleta ile yangu, nikamwonyesha mfereji.

"Mulango yake inaingia hivi? Inasukumwa?"

Alifikiri. Alikuwa mtu mkweli. "Hapana, mama," akasema. "Ile ni ya bawaba. Inafunguka kama ya nyumba."

Nikamshukuru, nikamwongezea sukari. Mianda hawezi kutengeneza mlango wa bawaba.